Powerglide au TH400? Kuchagua gia boksi itakayohimili gari la dragi lenye nguvu kubwa

Wanaochagua kati ya Powerglide na TH400, gia boksi mbili za otomatiki za General Motors, kwa ajili ya dragi (mbio fupi za kunyooka), wengi huanza kwa kuuliza: gia boksi hii inabeba farasi wangapi? Swali linaeleweka, ila jibu lake halitakusaidia kuchagua. Farasi 1,200 ndani ya gari la kilo 1,100 ni mzigo mmoja. Farasi haohao ndani ya gari la kilo 1,700 lenye matairi mapana ya sliki, yale yasiyo na kashata, ni mzigo mwingine kabisa. Kinachovunja vyuma ni torki, pamoja na ule mshtuko wa tairi kuteleza kidogo kisha kushika lami ghafla. Kwa hiyo kabla ya kutaja jina la gia boksi yoyote, andika mambo manne: uzito wa gari likiwa na dereva ndani, upana na kimo cha matairi ya nyuma, rpm ambazo injini yako inavuta vizuri, na uwiano wa difu.

Hesabu fupi itaonyesha kwa nini. Chukua injini inayotoa torki ya Nm 1,500. Gari linapoondoka, konvata (kiunganishi cha oili kati ya injini na gia boksi) bado inateleza na inazidisha torki, tuseme mara 1.8. Shafti ya kuingiza inapokea Nm 2,700. Mpaka hapo Powerglide na TH400 hazina tofauti. Tofauti inaanza torki ikishapita kwenye planetari, yaani seti ya gia za ndani: gia ya kwanza ya 1.76 inatoa kama Nm 4,750 kwenye shafti ya kutoa, ya 2.48 inatoa karibu Nm 6,700. Zidisha kwa difu ya 3.70, na ekseli za nyuma zinagawana Nm 17,600 kwa Powerglide au Nm 24,800 kwa TH400.

Hapo kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, shafti ya kuingiza inateseka sawasawa katika gia boksi zote mbili, hivyo shafti ya chuma cha kiwango cha juu, kama 300M au Vasco, haikwepeki katika nguvu hizi. Usimsikilize anayekwambia kwamba ukichukua TH400 unaweza kubaki na shafti ya kiwandani. La pili, uwiano wa gia ya kwanza ndio unaoamua kama tairi litashika, na kama shafti ya kutoa, propela na ekseli zitadumu msimu mzima.

Powerglide: gia mbili, vitu vichache vya kuharibika

General Motors walianza kutengeneza Powerglide mwaka 1950 na wakaiacha mwaka 1973. Inayotumika kwenye mbio ni ile yenye kasha la alumini, iliyoingia mwaka 1962. Uwiano wa kiwandani ni 1.76 au 1.82 kwa gia ya kwanza, na 1.00 kwa ya pili. Watengenezaji wa vifaa vya mbio huuza planetari za meno yaliyonyooka zenye uwiano mwingine, kuanzia 1.58 hadi 1.98.

Uimara wake unatokana na uchache wa vipande. Gia ya kwanza inashikwa na bendi, yaani mkanda wa chuma, inayobana ngoma ya klachi. Gia ya pili inaingia bendi ikiachia na klachi ikibana. Ndani hakuna spragi hata moja, yaani ile klachi ya kuzunguka upande mmoja tu, ambayo ndiyo chanzo cha ajali nyingi kwenye gia boksi nyingine. Ni nyepesi pia, kilo 45 hivi, na inakula nguvu kidogo kwa sababu vyuma inavyovizungusha ni vichache.

Lakini kutokuwa na spragi kuna gharama yake. Bendi lazima iachie na klachi ibane karibu kwa wakati mmoja. Bendi ikichelewa kuachia, gia mbili zinashikana kwa kitambo kifupi, na hicho kitambo kinatosha kuunguza bendi na kuchuna ngoma. Ikiwahi mno, injini inaruka rpm katikati ya gia. Dalili utaiona kwenye rekodi ya rpm: mstari unaopanda kidogo kabla ya kushuka wakati wa kubadili gia ni bendi iliyowahi; mstari unaoanguka wima huku gari likitikisika kama limegongwa ni bendi iliyochelewa. Valvu bodi (sehemu inayoongoza oili ya gia boksi) nzuri za mbio humwaga oili ya bendi haraka kwa njia yake pekee. Usibane pesa kwenye sehemu hiyo.

Marekebisho ya bendi ya kiwandani ni mepesi: kaza skrubu ya kurekebisha hadi Nm 8, kisha irudishe mizunguko 4 kamili, ishikilie isisogee, ndipo ufunge nati yake. Aliyejenga gia boksi yako akikupa kipimo tofauti, fuata chake, maana bendi na ngoma za mbio hazilingani unene na zile za zamani.

Vya kubadilisha kwenye Powerglide ukivuka farasi 800 ni shafti ya kuingiza (wengi huchukua yenye meno ya TH400, ambayo ni nene kuliko ya asili), ngoma ya klachi ya chuma badala ya ile ya chuma cha kusubu, klachi yenye bamba nyingi zaidi, planetari ya meno yaliyonyooka na shafti ya kutoa. Ukikaribia farasi 1,500 na kuendelea, achana na kasha la asili. Kasha jipya la mbio lina kuta nene, na mengi yana cheti cha SFI 4.1 (kiwango cha usalama cha vifaa vya mbio) yenyewe, kwa hiyo huhitaji kuvalisha blanketi la kinga juu yake.

TH400: gia tatu, na spragi ya kuangaliwa

TH400 ilitoka mwaka 1964, ikafungwa kwenye magari makubwa na malori. Uwiano wake ni 2.48, 1.48 na 1.00. Ina kilo 60 na kidogo, na ngoma zake ni nzito, kwa hiyo sehemu ya nguvu za injini inaishia kuzungusha vyuma hivyo. Faida yake ni hiyo gia ya katikati. Injini ndogo yenye turbo kubwa, inayovuta kati ya rpm 5,800 na 8,500, ukiibadilisha gia kwa Powerglide ya 1.76 kwenye 8,500 inaangukia karibu 4,830, nje kabisa ya eneo lake. TH400 ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu inaangukia kama 5,740. Kwa gari zito tofauti hiyo ni kubwa: upande mmoja turbo inaendelea kupuliza, upande mwingine gari linasubiri presha irudi.

Sehemu inayoua TH400 ni spragi ya gia ya pili, iliyokaa kwenye ngoma ya gia ya tatu. Spragi ya zamani ina vipande 16 vya kubana. Tairi likiteleza na kushika tena wakati gia ya pili inaingia, vipande hivyo hubeba mshtuko wote na hupinduka. Ikishatokea, utajua: gia ya pili haipo kabisa, injini inapiga kelele, halafu ya tatu inashika kama kawaida. Dawa yake inajulikana siku nyingi: ngoma yenye spragi ya vipande 34, iliyotoka kwenye 4L80E, au ngoma ya chuma ya mbio yenye spragi ya ukubwa huohuo. Kazi hii ifanywe kabla ya shafti, kabla ya klachi, kabla ya kitu chochote kingine kwenye TH400.

Baada ya hapo shughulikia shafti ya kuingiza, ngoma ya mbele na kitovu chake, shafti kuu, halafu kiegemeo cha katikati. Kiegemeo hiki kinakaa kwenye meno ya kasha la alumini. Kikianza kucheza, hula meno hayo taratibu mpaka kasha halifai tena. Unapofungua, kishike kwa mkono ujaribu kukizungusha. Kikicheza kwa kuhisika, kasha hilo lipumzishwe. Klachi ya gia ya tatu nayo ilishwe oili kwenye pande zote mbili za pistoni kwa kuondoa sili ya kati, ili ibane kwa nguvu zaidi bila kuongeza presha ya mfumo mzima. Kwa presha, TH400 nyingi za mbio hufanya kazi kati ya psi 200 na 250. Kuzidi hapo ni kuchosha pampu na sili bila faida.

Kuna pia seti za gia za TH400 zenye gia ya kwanza ndefu, yaani yenye uwiano mdogo, kuliko 2.48, mojawapo ikiwa 2.10. Kwa gari la farasi 1,500 lenye matairi ya radiali, hilo mara nyingi ndilo jibu: unabaki na gia tatu, lakini tairi halipigwi ngumi wakati wa kuondoka. Kwa hesabu ileile ya mwanzo, 2.10 inashusha torki ya shafti ya kutoa kutoka Nm 6,700 hadi 5,670.

Rpm zinapoangukia

Ukibadilisha gia kwenye rpm 7,500, hivi ndivyo hesabu ya meno inavyosema. Barabarani anguko huwa dogo kuliko hapa, maana konvata inateleza.

| Gia boksi | Uwiano | Kutoka 1 kwenda 2 | Kutoka 2 kwenda 3 |
|---|---|---|---|
| Powerglide | 1.76 / 1.00 | 4,260 | – |
| Powerglide ya gia ndefu | 1.58 / 1.00 | 4,750 | – |
| TH350 | 2.52 / 1.52 / 1.00 | 4,520 | 4,930 |
| TH400 | 2.48 / 1.48 / 1.00 | 4,480 | 5,070 |
| TorqueFlite 727 | 2.45 / 1.45 / 1.00 | 4,440 | 5,170 |

Kwa hiyo gari jepesi, chini ya kilo 1,150 au hapo karibu, lenye injini kubwa ya V8 au nitrasi (gesi ya kuongeza nguvu) inayotoa torki nyingi chini, likikimbia robo au moja ya nane ya maili: Powerglide. Halihitaji kuzidishiwa torki, linahitaji kuipunguza ili tairi lishike. Mara moja tu ya kubadilisha gia maana yake pia ni nafasi moja tu ya tairi kuachia. Gari la kilo 1,400 na kuendelea, au injini ndogo ya turbo inayotaka mzigo ndipo ipulize: TH400. Katikati ya hapo, matairi ndiyo yatakayoamua. Kama rekodi inaonyesha matairi yanateleza mita 20 za mwanzo hata baada ya kupunguza nguvu kwa kompyuta, gia ya kwanza ni fupi mno kwa gari hilo, hata kama gia boksi yenyewe haijavunjika.

Nyingine zinazotajwa

TH350 ni nyepesi kuliko TH400, na kwa farasi 500 au 600 ni chaguo zuri. Juu ya hapo, klachi yake ya upande mmoja ni ndogo, na pesa utakazotumia kuiimarisha zingekununulia TH400 iliyo tayari.

4L60E usiiguse kwa nguvu hizi. Klachi ya gia ya tatu na ya nne huungua, na ganda la gia ya jua hukatika.

4L80E ni ndugu wa TH400 aliyeongezewa gia ya nne ya 0.75 na udhibiti wa kompyuta, kuanzia mwaka 1991. Ni nzito kuliko TH400. Kama gari linaendeshwa pia barabarani kwa safari ndefu, hakuna mbadala wa kulingana nayo: unapata gia tatu za TH400, unasafiri kwa rpm za chini, na transibreki zake, breki za ndani ya gia boksi za kulishika gari kwenye mstari wa kuanzia, zinapatikana. Kwa gari la mbio tupu, uzito huo ni wa bure. Ukinunua iliyotumika, zingatia kwamba mwaka 1997 njia ya oili ya kulainisha na nafasi ya mabomba ya kipoza zilibadilika. Kasha na vipande vya ndani vya vipindi viwili visichanganywe bila kujua.

TorqueFlite 727 ni imara, ila ina hatari moja ambayo kila anayeifunga lazima aijue. Klachi ya nyuma ya upande mmoja ikishindwa gari likiwa gia ya kwanza, ngoma ya mbele hupaa zaidi ya mara 2 ya kasi ya injini na kupasuka. Vipande hutoboa kasha na sakafu ya gari, pale miguu ya dereva ilipo. Weka klachi ya upande mmoja ya kufungwa kwa bolti, weka ngoma ya chuma, ivalishe gia boksi kinga ya SFI 4.1, na usichome matairi ukiwa gia ya kwanza. Anza ya pili.

Kwa wanaopenda klachi ya mguu: Tremec TKX imekadiriwa torki ya Nm 813 na Magnum Nm 950. Ni za kuaminika kwa gari la barabarani lenye nguvu, ila vipimo hivyo havikuhesabu sliki. Ukitaka ya mikono kwa farasi 1,500, unaingia kwenye gia za meno ya mbwa, zinazoingia bila sinkro, au Lenco, ambayo ni planetari zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, kila moja ikibadilishwa kwa wenzo wake au kwa hewa ya kubanwa. Lenco inadumu sana na ukarabati wake ni rahisi, lakini klachi yake inataka fundi anayeisoma baada ya kila mbio. Na gari la Top Fuel, daraja la juu kabisa la dragi, halina gia boksi ya kubadilisha kabisa: klachi ya hatua nyingi inapeleka nguvu moja kwa moja kwenye difu, ambayo NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, imeifunga kwenye 3.20.

Konvata, transibreki na oili

Gia boksi iliyochaguliwa vizuri huharibiwa na konvata isiyoifaa. Piga hesabu ya kuteleza mwishoni mwa mbio: zidisha kasi ya km/h kwa uwiano wa difu kwa 5.305, kisha gawa kwa kipenyo cha tairi kwa mita. Gari la 240 km/h lenye difu ya 3.70 na tairi la mita 0.72 linapaswa kuwa rpm 6,540. Kama injini ilikuwa 7,000, konvata inateleza asilimia 6.5. Ikivuka 10, unachemsha oili na kupoteza mwendo. Ibadilishwe stata (gurudumu la ndani ya konvata linaloelekeza oili) au ikazwe zaidi. Ndiyo sababu konvata ya kufungwa kwa bolti inafaa kwa gari ambalo nguvu zake bado zinabadilika.

Transibreki hushika rivasi na gia ya kwanza kwa wakati mmoja, gari likakaa palepale hadi dereva aachie kitufe. Solenoidi yake ilishwe umeme kwa relei na waya nene moja kwa moja kutoka kwenye betri. Volti zikishuka inaachia kwa kuchelewa, na muda wa kuondoka unabadilika kila mbio bila sababu inayoonekana. Usiibonyeze gari likiwa linatembea, isipokuwa mfumo wake umejengwa kwa kazi hiyo, na usikae juu yake kwa sekunde nyingi: joto la oili ndani ya konvata hupanda haraka kuliko geji ya sampu inavyoonyesha. Lenga kuondoka na oili ya nyuzi 65 hadi 80. Iliyowahi kupita 120 imwagwe.

Katika kufunga, kosa linaloua pampu mpya kabla gari halijatoka gereji ni konvata isiyokaa hadi mwisho. Mimina lita moja ya oili ndani yake, isukume huku ukiizungusha mpaka isikike ikidondoka mara tatu: kwenye meno ya stata, kwenye shafti ya kuingiza, na kwenye pampu. Funga kasha kwenye injini. Konvata iwe bado inazunguka kwa mkono, na kati yake na flekspleti (bamba la injini linaloishika konvata) pawe na nafasi ya milimita 3.2 hadi 4.8. Ikiwa hakuna nafasi, usivute kwa bolti. Shusha uanze upya. Nafasi ikizidi, weka washa za unene sawa kwenye kila bolti. Flekspleti yenyewe iwe ya SFI 29.1, na uangalie tarehe kwenye kibandiko chake na cha kinga.

Injini ikiwaka, pima oili ukiwa nyutro. Valvu bodi nyingi za mbio hazijazi konvata gari likiwa kwenye paki, kwa hiyo kipimo cha paki kinadanganya, na kuiacha ingurume hapo kunaunguza beringi na bushi.

Baada ya mbio tatu au nne za kwanza, fungua sampu. Unga mweusi kidogo ni klachi zinazojilaza. Vumbi la rangi ya shaba ni bushi, tafuta ipi. Mabaki ya alumini yanaelekeza kwenye kasha au pistoni. Vijiti vya chuma vinavyong'aa, vyembamba kama sindano, ni beringi za sindano au spragi, na gari hilo lisirudi kwenye mstari wa kuanzia mpaka ngoma itoke.